Mji wa Maji ya Kutu

Tangu nyonga yake ivunjike, viatu vya Leokadia vilikaa juu ya kabati la nguo, mahali ambapo mkono wake haukufika. Hakuna mtu nyumbani aliyetamka kwamba vimefichwa. Binti yake Xavérine alisema anavitunza visiingie vumbi. Félix, mkwewe, mtu asiyependa kubishana na mke wala mama mkwe, alipanda ngazi, akaviweka, akashuka kimya.

Kilichomvunja ni barafu. Alikuwa akirudi kutoka kanisani Hallunda, akatoka kituo cha treni cha Hjulsta, mtaa wao huko Uswidi, akiwa na begi lake la Biblia, na hatua chache kutoka mlangoni mguu ukateleza. Hospitali walimtia chuma, wakamfundisha kutembea upya, na siku ya kumruhusu wakamwambia kupitia mkalimani kwamba dawa kubwa iliyobaki ni kutembea kila siku. Xavérine aliyasikia maneno hayo kama tangazo la kwenye treni. Kichwani mwake kulikuwa na picha moja tu: mama yake amelala ubavu kwenye theluji, kitambaa kimemtoka kichwani, na watu wasiomjua wamemzunguka.

"Mama, usitoke bila mimi," alisema.

"Na wewe unatoka lini?"

"Nikipata nafasi."

Nafasi haikupatikana. Kazi ya Xavérine ilikuwa kuzunguka majumbani mwa wazee wa Kiswidi, kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwasindikiza dukani, na akirudi Hjulsta miguu yake ilikuwa imemaliza kazi. Félix aliendesha basi. Mjukuu, Mélissa, alikuwa sekondari. Aliingia na vidude vya muziki masikioni, akambusu bibi yake paji la uso, na kila alichoulizwa kwa Kiswahili alikijibu kwa Kiswidi. Siku za Jumapili Leokadia alitolewa nje: kutoka lifti mpaka gari, gari mpaka kiti cha kanisa, kiti mpaka gari. Watu wa kwaya walimshika mkono na kumsifu binti yake. Una bahati, Mama Leokadia, walimwambia, una mtoto anayejua kutunza.

Na kweli alikuwa na bahati. Hilo ndilo lililomkaba. Angekuwa na binti mkali angepiga kelele, angeita majirani, angenuna. Lakini utamnunia vipi mtu anayekuletea chai kabla hujaamka, anayekukata kucha za miguu, anayekuuliza mara tatu kama blanketi linatosha? Alikaa dirishani, ghorofa ya saba, akatazama uwanja. Alijua mbwa wote wa mtaa. Alijua kwamba yule mzee mwenye kofia nyekundu ana mbwa mgonjwa, maana siku hizi alimbeba. Kigari chake cha kutembelea, chenye magurudumu na kikapu, kilikuwa chini kwenye chumba cha baiskeli, na ufunguo wa chumba hicho ulikuwa kwenye pochi ya Xavérine.

Alipokaribia kutimiza miaka themanini, Xavérine alimuuliza anataka zawadi gani.

Leokadia hakufikiri sana. Ni kama jibu lilikuwa limekaa mdomoni miaka mingi likingoja swali.

"Nataka kwenda Spa."

Xavérine aliacha kukunja nguo. "Spa? Wewe, Mama?"

"Mimi. Kabla sijafa."

Xavérine akacheka, kicheko cha furaha ambacho Leokadia hakuwa amekisikia tangu ajali ile. Akamwita Mélissa, na Mélissa naye akapiga makofi na kusema kitu ambacho ndani yake Leokadia alilisikia tena lile neno: *spa*. Moyo ukamjaa. Hivi kumbe jambo lilikuwa jepesi kiasi hiki? Miaka yote hii amebana mdomo, kumbe alitakiwa kusema tu.

"Tutakwenda na treni au ndege?" aliuliza.

"Ndege ya nini tena? Félix atatupeleka na gari. Si mbali."

Leokadia hakubisha. Ulaya ni ndogo ukiwa na gari, alijiambia. Wiki zile alilala vizuri. Siku ya safari alivaa koti lake la kijivu, akaweka kwenye mkoba pasipoti, rozari na soksi za kubadilisha, na viatu vikashushwa kutoka juu ya kabati. Aliposimama ndani yake aliona sakafu iko chini kidogo kuliko alivyoizoea.

Gari lilipita jiji, likapita madaraja, likaingia barabara yenye misonobari. Maji yalionekana, yakapotea, yakaonekana tena. Leokadia alikuwa bado anangoja mpaka wa nchi gari lilipoegeshwa mbele ya hoteli kubwa ya rangi ya maziwa, na msichana mwenye nywele zilizofungwa akawapokea kwa tabasamu na kumkabidhi gauni jeupe la taulo na ndala za kitambaa.

"Hapa ni wapi?" aliuliza.

"Spa, Mama! Si ulitaka spa?" Xavérine alikuwa akimsaidia kufungua vifungo vya koti, uso wake unang'aa. "Kuna bwawa la moto, kuna sauna, na wewe umepangiwa mtu wa kukusugua mgongo."

Leokadia alitazama ukutani. Neno lilikuwa limeandikwa pale kwa herufi ndogo za dhahabu. Alilisoma mara mbili. Halafu akanyoosha mikono ili binti yake amvue koti, kwa sababu hakuona la kusema ambalo lisingemvunja moyo.

Wakamtia bwawani. Maji yalikuwa ya moto na hayakuwa na ladha yoyote. Wakamtoa, wakamkausha, wakamlaza kwenye kiti kirefu mbele ya ukuta wa kioo.

"Kaa hapa, Mama. Usisimame kabisa, sakafu inateleza. Mimi na Mélissa tunaingia sauna dakika chache, tunarudi."

Akakaa. Ng'ambo ya kioo kulikuwa na njia ya changarawe iliyofuata ukingo wa maji, na juu yake watu walikuwa wakitembea. Mzee na mkewe. Mwanamke na mbwa. Majani ya Oktoba yalikuwa ya manjano. Hapa kioo, alifikiri, na kule Hjulsta kioo. Wamenitoa dirisha moja wakanileta lingine.

Ndipo Spa yenyewe ikamjia, mji, na mvua yake.

Alikuwa na miaka kumi na minane. Uhuru ulikuwa umekaribia, Wabelgiji walikuwa wanafunga virago Usumbura, mji wa kwao, na mke wa ofisa mmoja, Madame Odile, alimwomba baba yake ruhusa ya kumchukua Leokadia akalee watoto wawili waliomzoea. Hivyo akajikuta Ubelgiji, kwenye mji mdogo uliobanwa bondeni, milima yenye misitu pande zote, na jina fupi kama chafya: Spa. Mvua ilinyesha kila alipofua. Hoteli kubwa nyingi zilikuwa zimefunga nusu ya madirisha yake. Mji ulikuwa kama bibi kizee aliyewahi kuwa mzuri sana, ambaye bado anavaa glavu kwenda kununua mkate.

Kila asubuhi aliwapeleka watoto kwenye chemchemi ya katikati ya mji, ndani ya jengo la vioo na chuma, ambapo mwanamke aitwaye Hortense aliwachotea watu maji kwa glasi. Maji yale yalitoka ardhini yakiwa baridi na mapovu yake, na ladha yake ilikuwa ya kutu, kana kwamba umelamba msumari. Leokadia alipoyaonja mara ya kwanza aliyatema. Hortense alicheka mpaka akashika meza.

"Mfalme wa Warusi hakuyatema," alimwambia. Tumbo la mfalme yule, alieleza, lilikuwa limewashinda madaktari wake wote. Akaja hapa, akanywa glasi juu ya glasi, akapona, na kwa shukrani akawatumia jiwe la ukumbusho kutoka kwao. Baada yake walikuja wote: wafalme, makadinali, wanamuziki, wacheza kamari waliojidai ni wagonjwa. Wenyeji waliwapa wageni hao wanywa maji jina lao la utani, bobelini. Mafundi waliwachorea visanduku vya mbao vya kupeleka nyumbani. Mji wenyewe ndio uliozipa bafu za dunia nzima jina lake.

Na Hortense alimwonyesha, kwa kidole, nyumba za juu ya mlima. Huko, alisema, mfalme wa Wajerumani alikaa mwisho wa vita kuu ya kwanza, yeye Hortense akiwa msichana. Watu huja Spa kupona, lakini yule siku moja ya Novemba aliondoka akiwa hana ufalme wala nchi ya kurudi.

Lakini kilichomnasa Leokadia kilikuwa kingine. Zamani, Hortense alisema, daktari wa Spa hakumruhusu mgonjwa anywe maji halafu akalale. Kunywa, tembea. Chemchemi nyingine iko msituni, panda. Kunywa, tembea tena. Jioni wote wakutane bustanini, ile waliyoiita Bustani ya Saa Saba, ambayo kwa saa za kwao Leokadia ilikuwa saa moja jioni, wazunguke chini ya miti mpaka giza. Mji mzima ulijengwa kwa ajili ya miguu.

Alhamisi mchana ilikuwa yake. Alipanda kilima peke yake, chini ya miti inayochuruzika, chemchemi hadi chemchemi, ile ya chuma, ile ya harufu ya yai bovu, akainama na kunywa kila mahali. Hakuna shangazi aliyemuuliza anakwenda wapi. Hakuna kaka aliyemwambia arudi. Hajawahi, kabla wala baada, kuwa mtu wa namna ile.

Ilidumu miaka miwili. Mama yake akaugua, Leokadia akarudi nyumbani, akaolewa na mwalimu. Nyakati zikaharibika, na mumewe akamwambia asitaje kamwe mbele ya watu kwamba aliishi kwa Wabelgiji. Akatii. Baadaye mume akafa, vita ikaja, kambi ya wakimbizi ya Tanzania ikaja, na kutotaja kukawa ndiyo tabia yake.

Leokadia aliweka miguu sakafuni. Akashika ukingo wa kiti, akainuka, akasubiri nyonga itulie. Sakafu iliteleza kweli, lakini ukuta ulikuwa karibu. Akasukuma mlango wa kioo.

Baridi ilimpiga kifuani kama ndoo ya maji. Akaendelea. Changarawe ilimchoma kupitia ndala za kitambaa, na hilo lilimfurahisha, maana ni muda mrefu nyayo zake hazikuwa zimeambiwa chochote. Mzee na mkewe walimsalimu, "Hej hej," kana kwamba bibi Mwafrika mwenye gauni la taulo ni jambo la kawaida kwenye njia ile. Akawaitikia.

Alikuwa amefika kwenye gati dogo la mbao aliposikia mayowe.

"Mama! Mama, simama!"

Xavérine alikuja mbio, naye ndani ya gauni jeupe, peku, nywele zinatoa mvuke.

"Unakwenda wapi?"

"Spa."

"Spa ni hapa!"

"Hapa ni bafu," alisema Leokadia bila kusimama. "Spa ni mji. Uko Ubelgiji. Nilikaa huko."

"Mama, umechanganyikiwa. Njoo ndani." Xavérine alimshika kiwiko.

"Nishike, sawa. Lakini usinigeuze."

Kulikuwa na kitu kwenye sauti ile ambacho Xavérine hakuwa amekisikia tangu kambini, siku mama yake alipowakatalia askari wasiingie hemani. Akamshika, hakumgeuza. Wakaenda. Na hapo njiani, kwa maneno mafupi kwa sababu pumzi ilikuwa ndogo, Leokadia alisimulia: Madame Odile, Hortense, mfalme wa tumbo, kilima, Alhamisi.

Safari hii Xavérine ndiye aliyesimama.

"Siku ile tunaambiwa tunapelekwa Uswidi," alisema taratibu, "nililia usiku kucha kwa hofu ya baridi. Nikakuuliza, Mama, Ulaya kukoje? Ukaniambia hujui."

"Nilijua."

"Ukaniacha nilie?"

"Nilikuwa nimesahau namna ya kulisema." Leokadia alitazama maji. "Baba yako aliniambia ninyamaze, nami nikanyamaza mpaka nikawaficha hata ninyi. Usinikasirikie leo. Nikasirikie kesho, leo nina baridi."

 Xavérine akaanza kulia, kwa hasira, machozi ya mtu aliyechoka.

"Unafikiri mimi napenda kukufungia? Kazini naingia nyumba za watu, namkuta mzee amelala jikoni tangu jana, hakuna aliyejua. Simu yangu ikilia tu, ni wewe. Nikiwa kwenye treni, ni wewe. Siwezi kupumua mpaka nifike mlangoni nikuone kwenye kile kiti."

"Najua, mwanangu."

"Hujui!"

"Basi na wewe hujui hili. Mimi kila nikiamka nadhani bado ni jana."

 Mhudumu yule wa nywele zilizofungwa alikuwa anawakimbilia na mablanketi mawili, Mélissa nyuma yake na viatu mkononi, mdomo wazi. Xavérine alichukua blanketi, akamfunga mama yake kama anavyofungwa mtoto mchanga, akakaza sana, halafu, akiona anavyokaza, akalegeza.

Félix aliwarudisha nyumbani jioni ile. Walipofika kwenye taa za Spånga, karibu na nyumbani, ndipo Mélissa alipogeuka kutoka kiti cha mbele. "Bibi," alisema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "hiyo maji ya yai bovu, ulikunywa kweli?"

"Nilikunywa."

"Ilikuwa mbaya?"

"Mbaya sana."

Mambo hayakunyooka kwa sababu ya siku moja. Leokadia alipata mafua, akalala wiki nzima, na Xavérine alizunguka kitanda bila kusema nilikwambia, ingawa ilionekana kwenye mabega yake. Hasira iliyoahirishwa hadi kesho ilikuja kweli, ikakaa siku kadhaa: Xavérine alikuwa akipika na ghafla anauliza, "Na picha? Hukupiga hata picha moja?" na akijibiwa kwamba zilichomwa na baba yake, anageukia sufuria.

Kuhusu safari ya Ubelgiji walisema Mei. Daktari alisema tuone Mei. Mélissa alitafuta mji ule kwenye simu, akampitisha bibi yake barabara kwa barabara. Jengo la vioo lilikuwepo bado. Bafu kuu lilikuwa limehamishiwa juu mlimani, na watu walipelekwa kwa kigari cha reli, hawapandi kwa miguu. Leokadia alitazama mpaka bustanini, kisha akasema izimwe. Kuona kwa kioo alikuwa ameshaona vya kutosha.

Kigari cha kutembelea kililetwa juu, kikaegeshwa sebuleni kama mgeni ambaye hakuna anayejua amkaribishe wapi. Viatu vilikaa mlangoni. Ajabu ni kwamba siku ya kwanza Xavérine alipotoka kwenda kazini bila kumwambia usitoke, Leokadia hakutoka. Alikaa kwenye kiti chake. Aliogopa mlango wa lifti usimbane, aliogopa ngazi tatu za pale chini, aliogopa yule mzee wa kofia nyekundu asimsemeshe naye asijue la kumjibu. Hofu ilikuwa ya Xavérine, alidhani. Kumbe walikuwa wamegawana. Siku ya pili alifika mpaka lifti. Wiki ile ile alifika mpaka benchi la uwanjani, akakaa, akarudi juu, akalala mchana wote.

Halafu theluji ikaanguka mapema, ikayeyuka, ikaganda.

Asubuhi moja ya Desemba alisimama ndani ya mlango wa chini, amevaa koti la kijivu, chini ya viatu amefunga vyuma vyenye meno ambavyo wazee hupewa kwa ajili ya majira yale. Nje palikuwa panameta. Simu ikalia mfukoni. Aliijua ni nani.

"Mama? Nimepiga ya nyumbani hukupokea."

"Niko chini."

"Chini wapi?"

"Mlangoni. Ndani bado."

 Upande ule Leokadia alisikia bomba la maji likitiririka kwenye jiko la mtu, na sauti ya mzee akiuliza kitu kwa Kiswidi. Alijua binti yake amesimama na sifongo mkononi, amefumba macho.

"Wameshamwaga changarawe juu ya barafu?" Xavérine aliuliza mwishowe.

"Wamemwaga upande mmoja."

Bomba la maji likafungwa.

"Upande gani?"

"Wa ukutani."

"Basi pitia ukutani, Mama. Na usikate simu."

Leokadia aliitia simu mfukoni ikiwa hewani, akashika kigari kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akausukuma mlango. Ulikuwa mzito. Ilibidi asukume tena.